Vifaa vya mazoezi ya kiharusi na safari yake hadi nyumbani

Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa kidogo cha umeme kwa watu ambao kiharusi kimewaachia mguu wa kuburuta. Swichi ilikaa ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Kisigino kilipoinuka, umeme ulipita kwenye mshipa wa fahamu ulio kando ya goti, msuli ukajikaza na wayo ukanyanyuka. Kilipotua, umeme ukakatika. Vidole havikukwaruza tena chini. Liberson aligundua pia jambo ambalo pengine lina uzito kuliko kifaa chenyewe: baadhi ya wagonjwa waliendelea kunyanyua wayo kwa muda hata baada ya umeme kuzimwa. Ubongo, kumbe, ulikuwa ukijifunza.

Kifaa cha namna hiyo, Odstock, kilitengenezwa Salisbury, Uingereza. Jaribio lililochapishwa mwaka 1997 lilionyesha kwamba waliokivaa walitembea kwa kasi zaidi na kwa jitihada ndogo. Kwa kifaa hiki mgonjwa alitoka kliniki na tiba yake mfukoni.

Mkono ulileta taabu zaidi, maana kazi zake ni nyingi mno. Neville Hogan na Hermano Igo Krebs wa chuo cha MIT waliunda roboti MIT-Manus, iliyoanza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1994. Mgonjwa alishika mpini, akafuata mchezo kwenye skrini, na alipokwama roboti ikamsukuma taratibu. Haikuchoka kurudia, lakini mashine kama hiyo si ya sebuleni. Isitoshe, jaribio la Uingereza la watu 770, lililotolewa mwaka 2019, halikuona mikono ya waliotumia roboti ikifanya kazi vizuri kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Michezo ya Nintendo Wii, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ilionekana kuwa jibu la bei nafuu. Gustavo Saposnik wa Kanada na wenzake waliilinganisha na karata, bingo na michezo mingine ya mezani kwa wagonjwa 141 katika nchi nne. Matokeo ya mwaka 2016 hayakuipa Wii ushindi wowote: makundi yote mawili yalipata nafuu ileile.

Mwaka 2019 Steven Cramer na wenzake walichapisha jaribio la watu 124 nchini Marekani. Nusu ya watu hao walifanyia mazoezi ya mkono kliniki, nusu nyumbani kwa michezo ya kompyuta. Kila mmoja alikuwa na vipindi 36 vya dakika 70. Katika nusu ya vipindi hivyo mtaalamu alisimamia, kwa wa nyumbani akiwa kwenye skrini, na vilivyobaki mgonjwa alifanya peke yake. Kiasi na uzito wa mazoezi vililingana pande zote mbili. Nafuu ya waliobaki nyumbani haikuwa chini ya ile ya wenzao wa kliniki.