Tuseme (michezo ya kuigiza ya wasichana)

Tuseme ni mradi wa sanaa za maonyesho kwa wasichana wa sekondari, ulioasisiwa Tanzania mwaka 1996 na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama (aliyechapisha tamthilia za awali kwa jina la Penina Muhando) na Amandina Lihamba. Wasichana hutunga wenyewe michezo kuhusu kukua kwao, na kuiigiza mbele ya walimu, wazazi na wenzao.

Chimbuko
Wawili hao walikwisha kuandika pamoja, wakiwa na Ndyanao Balisidya, tamthilia ya Harakati za Ukombozi (1982). Mbinu ya kutunga na wanajamii waliikomaza vijijini miaka ya 1980, kikiwemo Msoga, karibu na Chalinze.

Utungaji
Hakuna muswada. Wasichana hukaa na kutaja yanayowakwamisha: kazi za nyumbani, mwendo mrefu wa shule, kutongozwa na watu wazima, mimba, kuozwa mapema. Hugawana nafasi, na maneno huzaliwa mazoezini.

Katika visa vya namna hii, shoga, yaani rafiki wa kike wa msichana, ndiye roho ya mchezo. Asiloambiwa mama, shoga analo. Jukwaani hubanwa kati ya kutunza siri na kumwokoa mwenzake, na akinyamaza, ukumbi mzima unajua anajua. Onyesho likiisha waigizaji hawaondoki. Mjadala hufunguliwa, na mtu mzima hulazimika kumjibu mtoto hadharani. Kwa Pwani hilo ni jambo zito: mwali hufundwa ndani na kungwi wake, na ya unyagoni hayatoki nje. Tuseme iliyatoa mchana kweupe, mbele ya baba na mwalimu mkuu.


  

Baada ya 1996
Mlama alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, shirika la Nairobi linalotetea elimu ya wasichana, ambalo liliipeleka Tuseme katika nchi nyingine za Afrika. Suala la mimba za wanafunzi halikuisha: Juni 2017, akihutubia Chalinze, mwendo mfupi kutoka Msoga, Rais John Magufuli alisema wanafunzi wanaojifungua hawatarudi shuleni. Serikali iliondoa katazo hilo Novemba 2021.