Mbwa wa Bucha, Mbwa wa Geti

Tuanze na mkoba wa fedha. Inasimuliwa kwamba wenye bucha wa mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, walipokuwa wanarudi kutoka mnadani walifunga mkoba shingoni mwa mbwa wao. Njiani kulikuwa na majambazi, na kulikuwa na vilabu vya pombe. Tajiri angeweza kulewa akalala, mbwa hakulewa. Simulizi za namna hii huongezwa chumvi, lakini hii naipenda kwa sababu inamkuta Rottweiler mahali pake pa asili: kazini.

Rottweil ulianza kama mji wa Warumi mwaka 73, na karne nyingi baadaye ukawa soko kubwa la ng'ombe. Mbwa wa kuswaga ng'ombe alitakiwa awe na nguvu za kumrudisha fahali kwenye msafara, na akili ya kutomjeruhi, maana ng'ombe aliyeraruliwa ni hasara. Wakifika mjini, mbwa yuleyule alivutishwa mkokoteni wa nyama, akakatiza katikati ya watoto na wateja. Sasa hapo mbwa mwenye hasira za ovyo angefaa nini? Kwenye vibao vyetu "mbwa mkali" ni yule anayeng'ata. Ila mtaani mkali ni pia fundi wa jambo lake, ndiyo maana tunasema fulani ni mkali wa gitaa. Mbwa wa Rottweil alikuwa mkali kwa maana hii ya pili.

Kisha ikaja reli. Ng'ombe wakapanda mabehewa, mbwa akakosa ajira. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Rottweil yenyewe ilibakiwa na jike mmoja tu. Aliyekuja kumpa kazi nyingine ni polisi: mwaka 1910 Ujerumani ilimtambua rasmi kama mbwa wa polisi, na mwaka 1921 vyama vya wafugaji wake vikaungana kuwa kimoja.

Jina baya lilikuja baadaye, na sisi wapenzi wa hadithi tuna sehemu yetu hapo. Mwaka 1976 sinema ya The Omen iliwafanya Rottweiler kuwa walinzi wa mtoto wa shetani. Mwaka 1985 Alexandra Day akatoa Good Dog, Carl, kitabu cha picha kisicho na maneno mengi: mama anatoka, mtoto mchanga anaachiwa Rottweiler, na Rottweiler anamlea vizuri tu. Kitabu ni kitamu, ila kukifanya mwongozo wa malezi ni wazimu. Mtoto haachwi peke yake na mnyama wa kilo 50, hata awe mpole kama Carl. Katikati ya miaka ya 1990, Marekani ilikuwa inaandikisha zaidi ya Rottweiler 100,000 kwa mwaka. Mahitaji yakipanda hivyo, nani ana muda wa kuchunguza tabia ya baba na mama kabla ya kuzalisha?

Huku Dar es Salaam tulimpokea akiwa tayari na jina, na wengi tunamfuga kufuatana na jina. Anafungiwa bandani mchana kutwa, anafunguliwa usiku, hatembezwi, hajui mtoto wala baiskeli wala mgeni. Wakati wiki zake 12 au 14 za mwanzo ndizo za kumzoesha watu, sauti na mikono ya daktari wa mifugo! Akishapita hapo, kila kigeni kwake ni adui, na mwenye nyumba anajisifu kwamba amepata mbwa kweli. Kiwango rasmi cha uzao wake kinamtaka awe mtulivu na mpenda watoto. Woga si sifa yake, na mbwa anayeng'ata kila kitu mara nyingi ni mwoga.

Mwili wake nao una masharti. Manyoya meusi na joto la Januari haviendani, kwa hiyo kivuli na maji si anasa, na kumtembeza ni alfajiri au jioni. Mtoto wake anakua haraka na nyonga zake huharibika kirahisi: asinenepeshwe, asirukishwe ngazi. Ugali wa dona na dagaa kidogo humshibisha tu, haumjengi. Chanjo ya parvo isicheleweshwe, maana uzao huu huugua vibaya, na ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka. Hata ukifanya yote hayo, utakaa naye miaka 8 hadi 10 hivi.

Na ana mkia. Ujerumani ilipiga marufuku kuukata mwaka 1998, lakini huku wengi huuzwa wakiwa wameshakatwa. Muuzaji mmoja aliniambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba wanazaliwa hivyo hivyo.