Mkono wa bandia: ugumu wa kushika bila kuhisi

MIFUPA ya mkono iliyofukuliwa mwaka 1960 katika Bonde la Olduvai, wilayani Ngorongoro, ina umri wa takribani miaka milioni 1.75. Aliyeichunguza ni John Napier, daktari wa Uingereza aliyebobea katika maumbile ya mkono. Mwaka 1964 yeye, Louis Leakey na Phillip Tobias walimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, yaani mtu stadi.

Napier alikwisha kueleza mwaka 1956 kwamba mkono una mishiko miwili mikuu. Upo wa nguvu, kama mkulima wa Karatu anavyokamata mpini wa jembe, na upo wa umakini, kama mtu anavyookota punje ya maharage kwa kidole gumba na cha shahada. Katika mifupa ya Olduvai, ncha za vidole ni pana kama za binadamu wa leo. Upana huo hubeba nyama laini ya ncha ya kidole, na humo ndimo hisia za mguso zilimojaa.

Ngozi ya kiganja kimoja pamoja na vidole vyake ina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000. Kikombe kikianza kuteleza, vidole hukaza kabla mwenyewe hajawaza. Mwaka 1984 watafiti wa Sweden, Roland Johansson na Göran Westling, walionyesha kuwa vidole vikitiwa ganzi uwezo huo hudhoofika.

Aliyepoteza mkono hukosa yote hayo hata akipewa mkono wa bandia wa umeme. Mkono huo husoma ishara za misuli ya kigutu na mota hufunga vidole, lakini hakuna taarifa inayorudi. Mtumiaji hulazimika kutazama kila anachoshika na kusikiliza mlio wa mota. Yai hupasuka, na gizani mambo huwa magumu zaidi. Si ajabu wengi huuweka kando.

Mwaka 2014 watafiti wa Cleveland, Marekani, walieleza jinsi walivyounganisha vihisio vya mkono wa bandia na mishipa ya fahamu ya mkono uliokatwa. Mtumiaji, akiwa amefungwa macho, aling'oa vikonyo vya cheri, tunda dogo laini, bila kuliponda. Vihisio vilipozimwa, aliponda mengi.

Teknolojia hiyo haijawa huduma ya kawaida ya hospitali. Hata hivyo, mkono wa mtindo wa zamani, unaovutwa kwa waya na mkanda wa begani, haujapitwa na wakati kama wengi wanavyodhani. Mvuto wa waya husikika begani, hivyo mtumiaji hupata fununu ya nguvu anayoitumia. Tena hauhitaji chaji.

Mafundi wa viungo bandia hufunzwa katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Karatu. Kuvalishwa mkono ni mwanzo tu. Mazoezi huanza kwa vitu vigumu, kama kipande cha mbao, kisha sifongo, na baadaye kikombe cha plastiki chenye maji, hadi bega lijifunze kazi iliyokuwa ya vidole.