Deni la Msomi: Kutoka Waranti ya Treni Hadi Bumu

Leo nina jambo lililonikaa rohoni tangu siku nilipopokea hati yangu ya kwanza ya mshahara. Chini ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii kulikuwa na mstari mwingine: Bodi ya Mikopo, asilimia 15. Mzee mmoja pale chumba cha habari, aliyesoma Mlimani miaka ya 70, alichungulia begani kwangu akacheka. "Kijana, unalipia shule uliyokwisha kumaliza? Sisi tulipewa mpaka waranti ya treni ya kurudi kwetu likizo!"

Nikamwambia, shikamoo mzee, lakini naona hapo umenipiga chenga. Ikabidi nianze kupekua ili nijue hili deni lilianzia wapi.

Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika hata ishirini. Hapo uhasibu haukuwa na shida. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Serikali ililipa ada, ikalipa chakula na malazi, na mwanafunzi akapewa fedha kidogo ya mfukoni. Hizo fedha ndizo zilizokuja kuitwa bumu, jina ambalo hadi leo ukilitamka kwenye daladala ya Ubungo wanafunzi wote wanageuza shingo.

Lakini ati ilikuwa bure? Hapana. Mwalimu Nyerere alipenda mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Kwa hiyo deni lilikuwepo, ila halikuandikwa kwenye leja ya mtu yeyote.

Mara ya kwanza Serikali kujaribu kulikokotoa ilikuwa mwaka 1966, na pakachimbika. Mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa ulitaka wahitimu wakae kambini miezi kadhaa, kisha wafanye kazi zao za kawaida kwa miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu alikasirika, akawafukuza karibu wanafunzi 400, na hapo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 pamoja na za wakubwa wengine serikalini. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata, lakini wakati huo Azimio la Arusha lilikuwa tayari limeshatangazwa.

Sasa nisaidieni hesabu, maana mimi hesabu siyo fani yangu. Kukatwa asilimia 60 kwa miezi 18 ni sawa na kutoa mshahara wa miezi 10 na siku kadhaa. Mimi ninayekatwa asilimia 15, ili nitoe kiasi hicho hicho itanichukua miezi 72, yaani miaka sita. Nilipomwonyesha yule mzee hiyo karatasi alivua miwani, akaikagua mara mbili. Kumbe kaka zake hawakuwa wakidaiwa kidogo! Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba wao walijua mwezi wa 18 ukiisha, biashara imeisha. Hakuna karani wa kuwatafuta miaka ishirini baadaye.

Huyo karani alikuja na uchangiaji wa gharama. Uamuzi ulifanywa mwishoni mwa miaka ya 80, uchumi ukiwa umelala chali. Utekelezaji ulianza mwaka 1992 kwa vitu vidogo vidogo kama nauli na ada ya maombi. Mwaka wa masomo 1994/95 chakula na malazi vikageuzwa mkopo uliotolewa na Wizara. Wengi waliochukua fedha ile waliiona ni bumu lile lile la kaka zao, wakasaini na kusahau.

Kisha ikaja Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ikaanza kazi Julai 2005. Bodi ikaanza kuwasaka hata wale wa 1994, na magazetini tukapata msamiati mpya: wadaiwa sugu. Mwaka 2007 Mlimani paligomewa, wanafunzi wakipinga kukopeshwa asilimia 60 na kuambiwa 40 wazitafute kwao. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Na mwajiri akimwajiri mhitimu ana siku 28 za kuitaarifu Bodi. Nafuu ilikuja Mei Mosi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufuta ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kuna watu walikuwa wanalipa kila mwezi na deni linakua, jamani.

Hayo yote yameshaandikwa sana. Ambayo hayaandikwi ni ya kwenye dirisha la ofisi ya fedha ya chuo, na hapo ndipo mimi na mwenzangu wa chumbani tulipoumia.

Mambo yako hivi. Fedha ya chakula na malazi ni ya mwanafunzi mwenyewe, anaipata akishasaini. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni. Bodi inakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Chuo kinakutambua kwa namba ya usajili. Kazi ya mhasibu ni kuzioanisha hizo mbili, jina kwa jina, kwa maelfu ya watu, wiki ambazo foleni imetoka nje mpaka kwenye miembe. Akishindwa kumpata mwenye fedha, fedha inakaa pembeni, na kwenye akaunti yako ada inaendelea kusomeka kuwa hujalipa.

Mimi na mwenzangu wote tulirudia kidato cha nne. Maana yake tuna namba mbili kila mmoja, moja inaanza na S ya shule, nyingine na P ya mtahiniwa wa kujitegemea. Mkopo tuliombea moja, chuo tuliombea nyingine. Chuo chenyewe sikitaji. Wiki mbili kabla ya mitihani majina yetu yakabandikwa ubaoni: wadaiwa, hakuna kuingia chumba cha mtihani.

Nilikwenda dirishani siku tisa. Siku ya tisa mama mmoja wa uhasibu, ambaye nadhani alichoka tu kuniona, alinikaribisha ndani. "Mwanangu, kaa hapa, nipe vyeti vyote viwili." Akafungua orodha ya fedha zisizo na wenyewe, akashuka na kidole taratibu. Nilikuwemo. Dakika kumi na tano zikamaliza kazi ya wiki mbili. Nikamwambia kuna mwenzangu ana shida hiyo hiyo. "Mwambie aje na vyeti."

Hakuja. Cheti kimoja kilikuwa kwao Singida, nauli hana, na bumu alikuwa ameshalituma nyumbani mama yake alipolazwa. Hakufanya mitihani. Alifunga begi alfajiri nikiwa bado nimelala, akaniachia sufuria yake na ndoo.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Anaendesha bodaboda, ameoa, ana mtoto mmoja. Nikamwomba ruhusa tuangalie salio lake Bodi. Fedha ya chakula na malazi ya muhula ule imo. Na ada imo pia, kwa sababu Bodi iliilipa kweli na chuo kiliipokea kweli. Hana cheti wala matokeo hata ya somo moja, lakini deni analo kamili.

Alinyamaza, nikasikia pikipiki zikipita. Kisha akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, ina maana siku ile ada yangu ilikuwa imeshalipwa?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema amepata abiria, tutaongea jioni.