Mchanga wa Marudio

Kwenye mialo ya Rwamgasa na Mgusu, mkoani Geita, kuna malundo ambayo mgeni huyapita bila kuyatazama. Ni mchanga wa kijivu uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa juu ya mbao zilizotandikwa magunia. Wenyewe wanauita marudio. Mimi huanzia hapo, maana naona historia ya dhahabu ya Geita imo humo zaidi kuliko mashimoni.

Dhahabu hii haikai peke yake. Vilima vya Geita vina mwamba wenye mistari, tabaka za magnetiti nyeusi zikipishana na silika, ulioanza kujengeka zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Baadaye yalipenya maji ya moto kutoka chini, yamebeba dhahabu iliyoshikana na salfa. Yalipokutana na chuma, salfa ikaiacha dhahabu ikakishika chuma, ikazaliwa pairaiti, ile inayometameta na kuwatia wageni kiwewe. Dhahabu ikatua papo hapo, nyingine ndani kabisa ya punje za pairaiti.

Mjerumani alipoitambua dhahabu hapa mwaka 1898, umbile hilo lilikuwa limeshaamua mengi. Mgodi wa enzi ya Mwingereza ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966. Mwaka 2000 wakubwa wakarudi kwenye vilima vilevile. Jiwe halikuongezeka dhahabu hata chembe; walikuja na mitambo inayofanya gramu tatu au nne kwa tani ziwe na faida.

Mchimbaji mdogo hana mitambo hiyo. Ana zebaki, nayo hunasa tu dhahabu inayoigusa. Punje iliyofungiwa ndani ya pairaiti haiguswi, na vumbi laini huchukuliwa na maji kabla hata ya kufika kwenye beseni. Mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu yake hubaki kwenye marudio. Anachoondoka nacho kwa uhakika ni mvuke wa zebaki, anaouvuta wakati wa kuchoma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini zebaki bado ipo mialoni.

Dawa ya kutoa kilichobaki ni ya zamani: sayanaidi, mbinu iliyobuniwa Scotland mwaka 1887. Marudio hulowekwa kwenye matangi kwa siku kadhaa, dhahabu ikayeyuka, kisha ikanaswa na mkaa. Matangi yanahitaji mtaji.

Soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019 lina mizani, na bei inajulikana. Lakini mizani hiyo hupima dhahabu iliyokwisha kutoka. Huku mwaloni hesabu hufungwa mapema: mwenye karasha akikusagia mawe yako, mara nyingi malipo yake ni marudio. Hayapimwi. Mchimbaji hubeba kichembe chake kwenye karatasi, lundo likabaki uani kwa mwenye karasha likisubiri lori.