MC Lyte na "Lyte as a Rock": albamu ya msichana wa miaka 17

Tukipiga rap ya akina dada kwenye kipindi, swali linalorudi ni lile lile: nani alianza? Kwa wimbo mmoja mmoja, majibu ni mengi. Huko New York, Marekani, Roxanne Shanté alishatikisa redio mwaka 1984 akiwa na miaka 14, na mwaka 1986 kundi la Salt-N-Pepa likatoa albamu yake. Lakini msichana aliyebeba albamu nzima ya rap peke yake, bila kundi, waandishi wengi wa historia ya hip hop humtaja MC Lyte. Albamu yake ya kwanza, "Lyte as a Rock", ilitoka mwaka 1988. Alikuwa na miaka 17.

Jina lake halisi ni Lana Moorer, na amekulia Brooklyn. Aliyemsaini ni Nat Robinson, mwenye kampuni ndogo ya First Priority. Wanawe wawili, Milk Dee na Gizmo, walikuwa kundi la Audio Two, na ndio walioshiriki kutengeneza midundo ya albamu, pamoja na watayarishaji wengine kama King of Chill na Prince Paul. Kampuni kubwa ya Atlantic ikasambaza.

Jina la albamu ni mchezo wa maneno. Kwa Kiingereza, "Lyte" hutamkwa sawa na neno lenye maana ya mwanga na pia ya wepesi. Kwa hiyo binti anajisifu kuwa ni mwepesi kama jiwe. Jiribuni kulibeba.

Sam na "mke mwenza" wake

Kama bando ni dogo na unaweza kusikiliza wimbo mmoja tu, chagua "I Cram to Understand U (Sam)". Aliuandika akiwa bado mtoto wa shule, na ulitoka kama singo kabla ya albamu.

Kisa ni hiki. Msichana anampenda kijana aitwaye Sam. Mwanzoni mambo ni matamu, kisha Sam anaanza kubadilika. Pesa haonekani nazo, na watu wanamnong'oneza binti kwamba kuna mwingine anayemchukua mpenzi wake. Anaingiwa na wivu, anataka kumjua huyo mwanamke ana nini ambacho yeye hana. Mwishoni anagundua kwamba hakuna mwanamke. Aliyemnyang'anya Sam ni crack.

Crack ni kokeini iliyopikwa ikawa vipande vigumu kama kokoto, ambavyo huchomwa na kuvutwa moshi wake. Kipande kimoja kiliuzwa bei ndogo, na ndiyo maana katikati ya miaka ya 1980 kiliingia haraka katika mitaa ya watu wa kipato cha chini ya miji ya Marekani. Anayemjua kijana aliyeanza kuuza vitu vya nyumbani kimoja kimoja kwa sababu ya unga atamtambua Sam mapema kuliko binti mwenyewe.

Sisi watangazaji tunarusha matangazo mengi ya kupinga dawa za kulevya, na mengi huanza kwa onyo. Lyte alianza kwa wivu. Msikilizaji anaingia akidhani anapewa umbea wa mapenzi, anakosea pamoja na msimulizi, na ukweli unapotoka unamkuta tayari anamhurumia. Hahubiri hata kidogo.

Kwenye "Paper Thin" anazungumza na mwanaume ambaye maneno yake ni mepesi kama karatasi. Hapo halii wala haombi arudiwe. Sauti yake ni nzito, kavu, ya mtu aliyekwisha kuamua.

Mpenzi wa taarabu, naye, atauelewa "10% Dis" bila mkalimani, maana ni mipasho. Rapa mwingine wa kike, Antoinette, alitoa wimbo ambao mdundo wake ulifanana mno na ule wa "Top Billin'" ya Audio Two. Lyte akaingia ulingoni kuwatetea wenzake wa studio. Tofauti na taarabu ni kwamba taarabu hupiga fumbo ukajijua mwenyewe. Hapa mambo ni ya wazi na lugha ni kali. Usiupige sebuleni mbele ya wakwe.

Si kila wimbo wa albamu hii umezeeka vizuri. Baadhi ya midundo ni ngoma tupu, na masikio yaliyozoea singeli au amapiano yataiona imepooza. Lakini utupu huo ndio unaoacha maneno yasikike.

Mwaka 1989 Queen Latifah naye akatoa albamu yake ya kwanza, na Shanté vilevile. Lyte akaendelea, wimbo wake "Ruffneck" wa mwaka 1993 ulimpeleka hadi kwenye uteuzi wa tuzo za Grammy. Siku hizi sauti ile ile nzito husikika ikitangaza kwenye sherehe za tuzo, zikiwemo za BET, ikiwaita wasanii wengine jukwaani.