Istilahi za Glavu na Kazi za Mikono Karagwe na Kyerwa

Neno glavu limetoka katika Kiingereza, na kama yalivyo maneno mengi ya mkopo, limeingia katika Kiswahili na umbo lake bila ya kuja na maana zake zote. Katika makala haya tutaitazama kwa ufupi historia ya kitu hicho, pamoja na kazi za wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, ili kuonyesha kwamba istilahi isiyokamilika huweza kumdhuru mfanyakazi.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya glavu za mpira za hospitali. Kati ya 1889 na 1890, daktari mpasuaji William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, aliiomba Goodyear Rubber Company imtengenezee glavu nyembamba. Muuguzi wake, Caroline Hampton, alikuwa akibabuka mikono kwa dawa ya zebaki iliyotumika kuulia vijidudu. Basi glavu hizo zilibuniwa kumkinga mfanyakazi na kemikali. Kumkinga mgonjwa kulifuata baadaye. Tangu hapo swali la msingi limekuwa hili: mkono unakingwa na nini?

Swali hilo lina majibu mbalimbali katika Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi 2012. Madini ya bati yamechimbwa huko tangu miaka ya 1920, na avunjaye mawe yake huhitaji glavu nzito za ngozi. Mkulima wa kahawa au maharage achanganyaye dawa ya wadudu huhitaji glavu ndefu zisizopenyeza, kama zile za nitrili. Akivaa za kitambaa, dawa hunywewa na kitambaa ikabaki imegusana na mwili wake. Muuguzi huhitaji glavu nyembamba za kutumiwa mara moja, na haja hiyo ilidhihirika mkoani Kagera ulipozuka ugonjwa wa Marburg, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Ama mwendesha mashine ya kukoboa kahawa, yeye hapaswi kuvaa glavu karibu na sehemu zinazozunguka, kwani zikinaswa huuvuta mkono mzima.

Dukani, hata hivyo, glavu ya muuguzi na ile ya mchanganya dawa zote huitwa "glavu za mpira". Neno mpira hapa hubeba utomvu wa mti na vitu vya viwandani kwa pamoja, ingawa utomvu huharibiwa upesi na mafuta, na wako watu ambao miili yao haiupatani. Jina hilo humweleza mnunuzi kitu kilichotengenezea glavu, tena kwa makosa, lakini halimwelezi hatari inayozuiwa.

Jambo hili si dogo kwa mfasiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Mfasiri akiandika "glavu zinazofaa" na kuishia hapo, mkaguzi na mwajiri watabishana: zinazofaa kwa nini?

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kauli ya kutendea hutuwezesha kukitaja chombo kwa kazi yake, kama tusemavyo kisu cha kukatia nyama. Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kusema glavu za kuvunjia mawe, glavu za kuchanganyia dawa, glavu za kupasulia na glavu za kuchomelea. Tunapendekeza, basi, kwamba katika kanuni, vitabu vya mafunzo na maelezo ya vifurushi kazi itajwe kwanza, kisha kitu kilichotengenezea glavu: "glavu za kuchanganyia dawa, za nitrili". Na pale ambapo glavu ni hatari, iandikwe waziwazi kwamba kazi hiyo hufanywa bila glavu.